Viatu mlangoni, aibu bafuni!

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

“ZOTE?”

Ndivyo alivyouliza Baba Mkubwa, mkono mmoja umeshika mkanda wa vazi lake na mwingine umeshika kitaulo kidogo kisichotosha kufunika hata goti. Mbele yetu kulikuwa na mlango wa kioo uliojaa mvuke. Nyuma ya mlango huo zilisikika sauti za wanaume wakicheka na maji yakimwagika.

“Zote, Baba,” akajibu mwenyeji wetu, Mjapani, kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya Umatengoni.

Baba Mkubwa akanigeukia. Mzee ana miaka 74, ana wajukuu wasiohesabika, na mimi ni mtoto wa mdogo wake. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona hata akiwa kifua wazi. Leo tuko nchi ya watu, tunaambiwa tuvue kila kitu, tuingie kwenye birika moja kama viazi kwenye sufuria.

Msomaji, hebu jiweke kwenye viatu vyangu. Ingawa, kusema kweli, hata viatu sikuwa navyo. Nilishanyang’anywa mlangoni.

ILIKUWAJE TUKAFIKA HUKO

Kwanza tuelewane. Mwenzenu mimi ni mtoto wa Kitura, wilaya ya Mbinga, kule milimani kwenye kahawa. Kama unatoka Dar na unadhani nchi inaishia Songea, pole sana, umekosa mengi.

Milima ya kwetu ina kitu kinaitwa ngolo. Ni kilimo cha mashimo. Mkulima analaza majani kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, anayafunika kwa udongo, na katikati yanabaki mashimo ya mraba, moja baada ya jingine, mlima mzima kama sega la nyuki. Mvua ikija maji yananasa kwenye mashimo, udongo hauporomoki. Wazee wetu wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100 bila kufundishwa na mtaalamu yeyote.

Ngolo ndiyo iliyowaleta Wajapani. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro walianza kufika Umatengoni kujifunza kilimo hicho. Baadaye, mwaka 1999 hadi 2004, kukawa na mradi mkubwa zaidi uliosaidiwa na shirika la Japani la JICA, na kijiji cha Kindimba kikapata jina.

Kijana mmoja wa Kijapani, wakati huo mwanafunzi, alifikia kwa Baba Mkubwa mwaka 1996. Alilala humo miezi. Alikula ugali na maharage, alishika jembe, na watu wakambandika jina: Bwana Ngolo. Alipoondoka aliahidi, “Baba, na wewe utakuja kwangu.” Mzee akacheka. Nani asiyejua ahadi za wageni?

Basi Novemba 2023, baada ya msimu wa kahawa, ahadi ikatimia. Bwana Ngolo, sasa mtu mzima mwenye mvi, alimlipia mzee safari. Mimi nilijilipia mwenyewe ili niende kama msaidizi wake.

Hapo nikiri jambo. Sikwenda kubeba begi tu. Mzee ana kiwanja kizuri Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na hati iko kabatini kwake. Mimi na ndugu zangu tulishakubaliana kujenga gesti ya vyumba 12, vigae mpaka dirishani, baa mbele, muziki nyuma, na ukuta mrefu kuzunguka kote. Kilichobaki ni mzee kutia saini. Ramani nilikuwa nayo begini. Tena kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshalipia matofali 1,500 ya huo ukuta. Nilisema moyoni: akiona dunia, atalainika.

GESTI GANI HII ISIYO NA KITANDA?

Bwana Ngolo hakutuweka hotelini. Alitupandisha treni kutoka Kyoto, mwendo wa kama saa mbili na nusu, hadi mji mdogo unaitwa Kinosaki, karibu na bahari upande wa kaskazini. Ni mji wa chemchemi za maji moto, na watu wamekuwa wakienda kuoga hapo kwa karne nyingi.

Tulikofikia panaitwa ryokan. Kwa lugha yetu ungesema gesti, lakini gesti ya asili, ya mila. Si zile gesti za kwetu ambazo, si unajua tena, mtu anaingia saa nane mchana na saa kumi keshatoka na miwani ya jua. Ryokan unaingia jioni kama mgeni wa ukoo.

Wajapani wanazo za kale kupita kiasi. Iko moja mkoa wa Yamanashi, inaitwa Nishiyama Onsen Keiunkan, ambayo historia yake inaanzia mwaka 705. Kitabu cha Guinness kiliitambua mwaka 2011 kuwa ndiyo hoteli ya zamani kuliko zote duniani. Mwaka 705, jamani! Hata Kilwa ilikuwa haijapata masultani wake.

Ya kwetu ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili. Mlangoni mama mwenye nyumba alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu. Wanamwita okami, na ndiye roho ya ryokan yoyote. Baba Mkubwa naye akataka kupiga magoti kujibu heshima, tukamzuia, goti lake moja bovu.

Viatu vikabaki mlangoni. Tukapewa kandambili za ndani. Kufika chumbani, kandambili nazo zikavuliwa, maana sakafu yote ni mikeka minene ya majani inayoitwa tatami, na haikanyagwi na chochote zaidi ya mguu au soksi. Chumba hakipimwi kwa futi, kinapimwa kwa mikeka. Chetu kilikuwa cha mikeka minane.

Nikaangalia huku na huku. Meza fupi ya chini. Mito ya kukalia. Ukutani kwenye kijinafasi maalumu, picha moja ya maandishi na ua moja. Basi.

“Kitanda kiko wapi?” nikauliza.

“Kitakuja,” akasema Bwana Ngolo.

Na kweli kilikuja. Usiku, baada ya chakula, wahudumu walifungua kabati la ukutani, wakatoa magodoro mepesi, wakatandika chini kwenye mikeka. Asubuhi wakayakunja wakarudisha kabatini. Chumba kimoja kinakuwa sebule, kinakuwa chumba cha kulia, kinakuwa chumba cha kulala. Baba Mkubwa akatikisa kichwa: “Kumbe sisi tulipokuwa tunakunja mkeka asubuhi, mliosoma mkatuambia ni umaskini.”

Nilinyamaza. Mmoja wa hao waliosoma nilikuwa mimi.

Kituko kingine kikanikuta hapo hapo. Kila mgeni anapewa vazi la pamba linaitwa yukata, kama kanzu ya kufungua mbele. Mwenzenu nikavaa haraka haraka, nikafunga mkanda, nikatoka kwa mikogo. Mhudumu mmoja wa makamo kuniona akaweka mkono mdomoni, akanikimbilia, akaanza kunifungua mkanda! Nikaruka. Kumbe upande wa kushoto ndio unaotakiwa kuwa juu ya wa kulia. Mimi nilikuwa nimelaza wa kulia juu, na hivyo ndivyo wanavyomvisha maiti.

“Umekuja kutembea au umekuja kuzikwa?” Baba Mkubwa akacheka mpaka machozi.

AIBU BAFUNI

Sasa turudi kwenye ule mlango wa kioo.

Utaratibu ni huu. Wanaume mlango wao, wanawake mlango wao. Unavua nguo zote, unaziweka kikapuni. Ukiingia ndani husogelei birika kwanza. Unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni mpaka unang’aa, unajimwagia maji, povu lote linaondoka. Ndipo unaingia birikani, maana birika ni la kupumzika mwili, si la kutoa uchafu. Kile kitaulo hakigusi maji ya birika. Wengi wanakikunja na kukiweka kichwani.

Kitu kizuri kuhusu Kinosaki, hata wenye tatuu wanaruhusiwa kwenye bafu za mji. Sehemu nyingi za Japani ukiwa na tatuu unarudishwa mlangoni. Vijana wa Sinza na Mwenge, mmeambiwa.

Niliingia wa kwanza, nimeangalia ukuta. Nikajisugua nimeangalia ukuta. Nikaingia majini, maji ya moto kweli kweli, nusura nipige yowe, bado nimeangalia ukuta. Baada ya muda nikasikia maji yanapanda taratibu na mtu anashusha pumzi ndefu. Ni Baba Mkubwa.

Tulikaa kimya kama dakika tano. Pembeni yetu babu mmoja wa Kijapani amefumba macho, kitaulo kichwani. Kijana mwingine, labda mjukuu wake, anamsugua mgongo mzee mwingine pale kwenye vigoda. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Hakuna anayecheka. Nikagundua kitu cha ajabu: mtu pekee aliyekuwa na aibu mle ndani ni mimi.

“Mwanangu,” mzee akaniita.

“Naam, Baba.”

“Goti haliumi.”

Hakusema kingine. Lile goti lilimsumbua toka alipoanguka na gunia la kahawa miaka ya nyuma, na nyumbani alikuwa anaficha, halitaji mbele ya watoto. Kwa hiyo kulisikia akilitaja kwa mdomo wake, kwangu ilikuwa kama kuambiwa siri. Tulipotoka nikamshika mkono kwenye ngazi za kuteleza. Hakunisukuma.

KAA MEZANI NA DENI LA MIAKA 27

Chakula cha jioni kinaletwa chumbani, na mapema, saa kumi na mbili au saa moja hivi. Hakuna menyu. Hakuna kuita “weita, leta mishikaki.” Unakula kinachovuliwa na kinacholimwa hapo wakati huo, kwenye visahani vidogo vidogo, kila kimoja na kitu chake: samaki mbichi vipande viwili, uyoga, mboga za kachumbari, supu, wali.

Novemba ni msimu wa kaa wa baharini, na Kinosaki wanasifika kwa kaa. Alipoletwa akiwa na miguu yake yote mirefu, Baba Mkubwa akasogeza mto wake nyuma.

“Huyu ni mdudu.”

“Ni kaa, Baba,” akasema Bwana Ngolo. “Mimi nilikula kumbikumbi kwako.”

Mzee hakuwa na la kujibu. Akala. Tena akamaliza.

Ndipo akauliza swali nililokuwa naliogopa: chumba hiki bei gani? Ryokan hawatozi kwa chumba, wanatoza kwa kichwa, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Kwa msimu ule wa kaa ilikuwa kama yen 30,000 kwa mtu kwa usiku mmoja. Kwa hesabu ya wakati ule, karibu laki tano za Kitanzania. Zipo za bei nafuu zaidi ya hiyo, na zipo ambazo hiyo ni hela ya chai tu. Bakshishi hakuna, ukiacha hela mezani wanaweza kukukimbilia barabarani kukurudishia.

Nikaona mzee anahesabu mifuko ya mbolea kichwani. Akaweka vijiti chini.

“Na wewe,” akamwambia Bwana Ngolo, “ulipolala kwangu miezi yote ile, ulilipa ngapi?”

“Sikulipa, Baba. Ulikataa.”

“Na ulilala chumba cha mbuzi.”

“Mbuzi walikuwa upande wa pili.”

“Ukuta ulikuwa wa matete,” mzee akasisitiza. Sauti yake ilibadilika. Nikajua kwamba kwa miaka 27 jambo hilo lilikuwa linamkera: mgeni kutoka mbali, kalala jirani na mbuzi, kapewa maharage kila siku kwa sababu mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa chini na kuku walikuwa wameisha.

Bwana Ngolo akajibu polepole. Alisema siku ya kwanza alipofika Kitura alikuwa na homa na woga, na hakujua hata neno la salamu. Jioni akaitwa wanapokula wanaume. Kila nyumba ilileta chakula chake, wakala kwenye chombo kimoja, na mzee akamkatia tonge la kwanza. “Hapa tunalipia, Baba, na wanatupokea vizuri. Kule sikulipa, na mlinipokea. Mimi ndiye ninayedaiwa.”

Baba Mkubwa akamsogezea mguu mmoja wa kaa uliobaki. Mambo yakaisha.

MJI MZIMA NI GESTI MOJA

Usiku huo tulitoka kutembea. Hapo ndipo Kinosaki inapokuwa Kinosaki. Katikati ya mji unapita mto mdogo wenye miti inayoinamisha matawi, na madaraja ya mawe. Watu wote wako barabarani wamevaa yukata na viatu vya mbao vinavyolia ka, ka, ka. Wazee kwa vijana, wapenzi wameshikana mikono, kina mama na watoto. Wanatoka bafu hili wanakwenda bafu lile, wanasimama kununua aiskrimu, wanaingia duka la sanamu za mbao.

Mji una bafu saba za hadhara. Na hapa ndipo nilipochoka: ukilala kwenye ryokan yoyote, kubwa au ndogo, ya tajiri au ya mjane mwenye vyumba vitano, unapewa kikadi cha kuingia bafu hizo bila kulipa. Wenyeji wana msemo wao: stesheni ya treni ndiyo mlango wa nyumba, barabara ndiyo korido, kila ryokan ni chumba. Mji mzima ni gesti moja.

Haikuwa hivyo kwa bahati tu. Mei 1925 tetemeko lilipiga, moto ukateketeza karibu mji wote. Wakajenga upya. Mwaka 1927 nyumba moja ikataka kuweka bafu lake la ndani, ili wageni wake wasiwe na haja ya kutoka. Wenzao wakaja juu. Wakasema kila mtu akifungia wageni wake ndani, barabara itakufa, maduka yatakufa, wadogo watakufa. Wakapelekana mahakamani, na ugomvi ule haukumalizika mpaka mwaka 1950. Walikubaliana bafu za ndani ziruhusiwe, lakini ziwe ndogo. Kwa hiyo mpaka leo, ukitaka kuoga vizuri, lazima utoke nje ukakutane na wenzako.

Bwana Ngolo alipomaliza kusimulia, Baba Mkubwa alisimama katikati ya daraja.

“Hii ni sengu,” akasema.

Kwa wasiojua, sengu ni ile desturi ya Wamatengo ya kula pamoja kwa mzee wa ukoo. Hapo ndipo shauri linazungumzwa, mwenye njaa anakula bila kuombaomba, kijana anafundwa. Siku hizi kila mtu anakula kwake mbele ya televisheni.

“Kila nyumba inaleta sahani yake,” mzee akaendelea, “lakini chombo ni kimoja.” Kisha akanitazama. “Ile gesti yenu ya Mbamba Bay, ukuta wake una urefu gani?”

Sikujua kama anajua habari za ukuta. Kumbe fundi matofali ni mtoto wa rafiki yake.

KAHAWA ILIYOBADILISHWA JINA

Asubuhi ya kuondoka tuliingia kijiduka cha kahawa. Kwenye orodha kulikuwa na jina moja tulilolijua: Kilimanjaro. Baba Mkubwa hana tabia ya kunywa kahawa, kama wakulima wengi wa kwetu. Anailima, anaikausha, anaipeleka chamani, basi. Lakini siku ile akaagiza.

Bwana Ngolo akatueleza. Wajapani wanapenda sana kahawa ya Tanzania, na jina la Kilimanjaro liliwakaa masikioni tangu ile filamu ya Marekani ya mwaka 1952 yenye jina la theluji ya mlima huo. Kwa taratibu za soko lao, kahawa ya arabika kutoka Tanzania, ukiacha ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Maana yake hata ya Mbinga.

Mzee akanusa kikombe. “Kwa hiyo hii yaweza kuwa yangu?”

“Yaweza, Baba.”

“Na wanaiita Mchaga?”

Tulicheka mpaka mwenye duka akaja kuona kuna nini. Lakini ndani ya basi la kwenda uwanja wa ndege mzee hakuwa anacheka. Alisema ukiwa huna kitu cha kumwonyesha mgeni kikaitwa chako, mali yako itasafiri kwa jina la mwingine.

MATOFALI YA UKUTA

Tusidanganyane, si kila kitu cha ryokan ni asali. Saa kumi na moja jioni lazima uwe umefika, maana chakula hakikusubiri. Kukaa chini saa nzima kunaua mgongo. Na wenyewe wanazidi kupungua: mwaka 1980 Japani ilikuwa na ryokan zaidi ya 80,000, kufikia 2017 zilikuwa chini ya 40,000. Watoto wamekimbilia mijini, mahoteli makubwa yamechukua wateja. Kwa hiyo mila peke yake hailishi mtu. Kinosaki imesimama kwa sababu ilijua inauza nini na wakakubaliana kukiuza pamoja.

Sisi je? Lami imeshafika Mbamba Bay kutoka Mbinga. Tangu 2012 Nyasa ni wilaya inayojitegemea. Ziwa lipo, maji yake unaona mguu wako chini. Mbasa wapo, dagaa wapo, jiwe la Pomonda lipo pale Liuli. Mgeni akija tunamfungia ndani ya ukuta, tunampa chipsi kuku na muziki wa kupasua masikio, kisha anarudi Dar akidhani amefika Nyasa.

Tuliporudi Kitura mzee aliita ukoo. Ndugu zangu walikuja na kalamu ya saini. Akawaambia hati atatoa, lakini kwa masharti matatu. Ukuta hakuna. Jiko la gesti halitapika samaki, samaki wataletwa na kina mama wa ufukweni ambao tayari wanapika vizuri kuliko sisi. Na kabla ya kuchimba msingi, niende kwa majirani wote wenye nyumba za wageni, nikawaulize tunaweza kuchangia nini: mashua ya kutembeza wageni, taa za njia ya ufukweni, hata kahawa ya Mbinga yenye jina lake.

Kaka yangu mkubwa aliondoka kwa hasira, mpaka leo tunasalimiana kwa simu tu. Nilikwenda kwa majirani. Mmoja alinicheka usoni akasema nimelogwa na Wajapani. Wa pili alisema atafikiri. Wa tatu, mama mmoja mwenye vyumba vinne, aliniuliza swali moja tu: “Mashua ya nani tuanze nayo?” Na yeye ndiye tuliyeanza naye.

Vyumba vyetu mpaka sasa ni vitatu, si 12. Chini kuna mikeka, si vigae. Viatu vinabaki mlangoni. Wageni wengine wanapenda, wengine wanauliza baa iko wapi, tunawaelekeza kwa jirani.

Na yale matofali 1,500? Nilimuuliza Baba Mkubwa niyafanyeje, nikijua atanisema.

“Matofali hayana dhambi,” akasema. “Jenga choo kizuri cha wageni. Na weka kandambili mlangoni.”

Hizo kandambili aliziwekea mkazo, maana kule Kinosaki choo kina kandambili zake, hazitoki nje. Siku ya pili mwenzenu nilisahau, nikatembea nazo korido nzima mpaka mezani, mbele ya mama mwenye nyumba. Baba Mkubwa hajaacha kuisimulia hadithi hiyo. Kila mgeni anayefika anaanza nayo, halafu ndipo anakaribishwa chakula.